Haki ya Bahasha

Mwaka 1999, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha mkorosho, fundi mmoja mzee aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijamaliza kulijibu. Alisema, "Mwalimu, kwani mlikuwa hamnijui?" Nami nikamjibu upesi, kama mtu aliyekwisha kujiandaa, "Mzee wangu, tulikuwa hatutakiwi kukujua." Akatikisa kichwa, akaishika baiskeli yake, akaenda zake. Jibu langu lilikuwa la kweli. Kama lilikuwa la haki ni jambo jingine, na hilo ndilo ninalotaka kulitazama hapa.

Habari yenyewe ni ya zabuni, jambo ambalo watu wengi hudhani ni la makarani na wakandarasi, lisilohusu dhamiri ya mtu. Mimi nadhani ni mahali pachache sana ambapo dhamiri hujaribiwa kama pale, kwa kuwa mle ndani ya chumba cha zabuni mtu huagizwa na sheria awe mwadilifu kwa njia moja tu: asitazame.

Kwa msomaji asiyekujua kwetu, Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja kama watu waliokatazwa kusogeleana. Ukipanda kwenda Newala unaingia uwanda wa juu wa Makonde, na huko mambo hubadilika. Mawe hakuna. Ardhi ni mchanga na udongo mwekundu, mikorosho mpaka macho yachoke, wala hakuna mto. Ukisimama Newala mahali paitwapo Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na Msumbiji ng'ambo. Maji unayaona kwa macho, hayafiki mdomoni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulikuja kuyasukuma maji kutoka mabondeni kuyapandisha juu kwa mitambo, na mitambo ikiharibika, au mafuta yakikosekana, watu hurudi kwenye ndoo. Mama yangu alikuwa akiamka usiku wa manane ili apate zamu yake chemchemini, na alipokuwa akirudi jua lilikuwa limekwisha panda. Sisi watoto tulikuwa tukinawa uso kwa kikombe kimoja watu watatu, na maji ya kunawia yakamwagiwa mche wa mpapai.

Kwa hiyo shule moja ya msingi ya huko juu ilipopata fedha za kujengewa tangi la kuvunia maji ya mvua, halikuwa jambo la anasa. Wakati huo nilikuwa nimetoka kufundisha, nikiwa afisa katika idara ya elimu ya halmashauri mojawapo ya mkoa wetu. Nimefanya kazi pande zote mbili, ya mlimani na ya bondeni, na halmashauri yenyewe sitaitaja, maana waliokuwamo wengine wangali hai na wengine wamekwisha tangulia mbele ya haki. Idara yangu ilikuwa ndiyo mwenye kazi, basi nikakaa kwenye kikao.

Lazima nieleze hali ya wakati ule. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, alikuwa ameunda Tume ya kuchunguza kero ya rushwa mwaka 1996, chini ya Jaji Joseph Warioba, na ripoti ilitoka mwaka huo huo. Kandarasi za ujenzi na ununuzi wa Serikali zilitajwa humo miongoni mwa vichaka vikubwa vya wizi. Ilipofika mwaka 1998 kila mtumishi wa halmashauri alikuwa na hofu ya kutajwa. Hofu ile ilikuwa na faida, sikatai. Lakini hofu humfanya mtu atafute mahali pa kujificha, na sisi tulijificha nyuma ya tarakimu.

Siku ya kufungua zabuni ilikuwa na adabu yake. Sanduku la mbao lenye kufuli lililetwa mezani. Wazabuni wenyewe waliokuja walikaa kwenye benchi ukutani. Saa nne kamili kufuli likafunguliwa, bahasha zikatolewa, kila moja ikaonyeshwa kuwa lakiri yake haijavunjwa, ikachanwa, na bei ikasomwa kwa sauti. Karani akaandika. Zilikuwa bahasha tatu. Nakumbuka utulivu uliokuwa mle chumbani, ukimya kama wa msikitini. Hata wale walioshindwa walitoka bila manung'uniko siku hiyo, kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao. Nakumbuka nilijisikia msafi.

Uchafu ulianza siku ya tathmini, tulipokaa peke yetu. Mwenye bei ya chini alikuwa mkandarasi kutoka mbali, mwenye karatasi zote. Wa pili alikuwa yule fundi mzee, aliyekuwa amejifunza uashi kwa Wabenediktini wa Ndanda, na ambaye matangi yake mawili matatu yalikuwa yamesimama uwandani kwa miaka mingi bila kuvuja. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya kwanza, si kwa mbali sana. Mwenzetu mmoja akawa anapitia mchanganuo wake, akacheka. "Jamani, huyu anataka tumlipe na maji!" Kweli, katika orodha yake, baada ya saruji, nondo na kokoto za kupandishwa kutoka Masasi, alikuwa ameandika kwa mkono wake: maji ya kuchanganyia, na maji ya kumwagilia zege siku kumi na nne. Akaweka na bei ya kila pipa. Katika mchanganuo wa yule wa kwanza neno maji halikuwamo kabisa.

Hapo msomaji aliyewahi kujenga ameshaelewa. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Hukomaa, na ili likomae sharti liwe na unyevu siku nyingi. Likinyimwa maji mapema hupata nyufa, na tangi lenye nyufa ni ukuta tu. Mahali penye mto au bomba, fundi hahesabu maji. Uwandani maji ni kifaa cha ujenzi kama saruji, tena wakati mwingine ndiyo kifaa cha ghali kupita vingine. Mkandarasi wa mbali alikuwa amepiga hesabu ya tangi la mahali pengine. Bei yake ilikuwa ya chini kwa sababu hakupajua kwetu. Yule mzee bei yake ilikuwa juu kwa sababu alipajua.

Mimi nilijua. Katika kikao kile pengine nilikuwa peke yangu niliyelelewa na ndoo. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilijua kwamba nikisema lolote juu ya yule mzee nitaulizwa: umejuaje, na una uhusiano gani naye? Nisingeweza kusema kwamba sina, maana katika uwanda ule nani asiye na uhusiano na nani? Basi mwenyekiti akauliza kama kuna la ziada, nami nikatazama dirishani. Tukampa wa chini.

Tangi likajengwa ndani ya majuma machache, likapakwa chokaa, likapendeza. Mvua za kwanza likajaa mpaka juu, watoto wakaimba. Juma la pili maji yalikuwa yamefika katikati, na kabla ya mwezi kuisha mwalimu mkuu aliniita nikaone mstari wa unyevu uliokuwa ukizunguka ukuta kama mshipi. Likazibwa, likavuja tena. Baadaye waliligeuza stoo ya madawati mabovu. Watoto wakaendelea kuja na vidumu asubuhi, wasichana hasa.

Sasa, ingekuwa rahisi kumaliza hapo na kusema kwamba zabuni ni upuuzi wa watu wa makaratasi, na kwamba heri tungempa kazi yule tunayemjua. Wengi husema hivyo, na kwa kawaida husema hivyo wakiwa wana mtu wao mfukoni. Mimi nilikuwapo pia kabla ya hofu ile. Nilikaa katika halmashauri ambamo mshindi alijulikana kabla tangazo halijabandikwa ubaoni. Niliyaona maharage ya shule ya bweni yaliyoletwa na ndugu wa mkubwa mmoja yakiwa yameliwa na fukusi, na wanafunzi wakayala, na hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu wote tulikuwa "tukimjua" mleta maharage. Kumjua mtu, basi, kulikuwa na maana hiyo. Sheria ilipokuja kutuambia tusijue, ilikuwa inatuponya ugonjwa wa kweli.

Tena watu wa kwetu hawana haja ya kufundishwa maana ya bahasha. Tangu msimu wa 2007/08, ulipoanza utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima wa korosho wa Masasi na Newala anaijua zabuni kuliko mwanasheria. Korosho zinakusanywa ghalani, zinapimwa, zinapangwa kwa madaraja. Wanunuzi wanaandika bei zao na kuzitia katika sanduku. Siku ya mnada sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe na kusomwa: kampuni fulani, tani kadhaa, bei hii. Kisha wakulima huulizwa kama wanauza au hawauzi. Siku hizi bei hupita kwenye kompyuta ya Soko la Bidhaa Tanzania, lakini swali ni lile lile. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisomewa bei wakasema hatuuzi, wakazikataa zote. Na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba magunia. Mambo yaliyofuata baada ya hapo ni marefu na yana machungu yake, sitayaingilia. Ninachotaka ni kuonyesha kwamba bibi kizee asiyejua kusoma anaiamini bahasha iliyofunguliwa mbele yake kuliko neno tamu la mnunuzi aliyekuja na mizani yake nyumbani usiku. Ana haki kuiamini. Mizani ya usiku ilimnyonya miaka mingi.

Lakini niliporudi kuyafikiri mambo hayo mawili, korosho na tangi, niliona tofauti ambayo sikuiona nikiwa kikaoni. Korosho ziko ghalani. Zimekwisha pimwa, daraja lake linajulikana, mtu yeyote anaweza kutia mkono guniani. Kilichobaki kujulikana ni bei tu, basi ni halali kuiachia bei iamue, na mwenye kutaja kubwa akachukua. Tangi haliko popote. Siku ya kufungua bahasha tangi ni maneno. Ninachonunua ni ahadi ya mtu, na ahadi haina daraja la kwanza na la pili linaloonekana kwa macho. Daraja lake ni mtu mwenyewe, yaani yale aliyoyafanya huko nyuma, na kile anachokijua. Nikifuta mtu nikabakiza bei, nimefuta kitu chenyewe nilichotumwa kununua. Ni kama kununua korosho bila kufungua gunia.

Na la kushangaza ni kwamba sheria haikuniagiza nifanye hivyo. Hili nililigundua kwa aibu. Katika kila tangazo la zabuni tulilobandika, mstari wa mwisho ulisema kwamba halmashauri hailazimiki kukubali zabuni ya bei ya chini wala nyingine yoyote. Tuliuandika kila mara kama watu wanavyoandika "wako mtiifu" chini ya barua. Na sheria zilizokuja kutungwa baadaye, ya mwaka 2001, ya 2004, ya 2011 na hii ya 2023, kadiri zilivyorekebishwa, ziliendelea kutofautisha bei iliyosomwa na gharama iliyotathminiwa, yaani bei baada ya kupimwa kama inatosheleza kazi. Tulikuwa na ruhusa ya kumwandikia yule wa chini na kumwuliza: maji yako wapi? Swali moja, la maneno matatu. Lisingekuwa upendeleo kwa mtu yeyote. Angeweza kujibu kwamba amesahau, au kwamba atayabeba kwa hasara yake, na jibu lingewekwa kwenye jalada. Hatukuuliza, kwa sababu kuuliza ni kuonekana unajali, na anayejali hushukiwa. Tulichagua kanuni nyepesi kuliko sheria, kisha tukaiita kanuni hiyo sheria.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya nadharia ya haki, aliwataka watu wanaotunga taratibu za jamii wajifikirie kuwa wako nyuma ya pazia: hawajui wao wenyewe ni nani, tajiri au maskini, wa ukoo upi, wenye afya au wagonjwa. Asiyejua atakuwa upande gani hatakata nyama vibaya. Nilipolisoma wazo hilo, kwa kuazima, nikiwa nimekwisha staafu, nilisimama nikatembea uani. Pazia la Rawls linamfunika mwenye kuamua asijione mwenyewe. Pazia letu sisi tulilifunga upande wa pili. Mimi nilibaki najijua barabara, hofu yangu, cheo changu, pensheni yangu, na nikaamua kwa kuvitazama hivyo; fundi ndiye niliyemfunika. Kilichotakiwa kufichwa kilikuwa faida yangu. Nilichokificha ni ustadi wake.

Basi nikadhani nimepata jibu: jua kazi ya mtu, sahau nafsi yako. Linasemeka vizuri. Miaka mitatu iliyofuata nikiwa mstaafu nililitembeza jibu hilo barazani, nikisifiwa. Halafu nikapewa nafasi ya kulitumia.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, na darasa moja la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20. Kazi ilitakiwa iishe ndani ya miezi michache. Hapakuwa na wakandarasi wa bahasha. Utaratibu ulikuwa ule ambao watu wameuzoea kwa jina la fosi akaunti, ambapo shule inanunua vifaa yenyewe na kumpa kazi fundi wa hapo hapo, chini ya kamati za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mimi, kwa kuwa ni mstaafu mwenye kusoma na kuandika, nikatiwa kwenye kamati ya ujenzi ya shule moja ya sekondari. Kikao cha kwanza tu swali likawa: fundi nani?

Nikasema jina la mpwa wangu.

Kwetu, Wamakonde, na Wayao na Wamakua vile vile, ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Mtoto wa dada yangu ni wangu kwa namna ambayo pengine hata mwanangu mwenyewe siyo. Nilimsomesha ufundi. Nilimnunulia bavaru yake ya kwanza na mwiko. Na ni fundi mzuri, hilo sisemi kwa undugu. Zege lake analimwagilia, nilimfundisha mimi mwenyewe kisa cha tangi. Niliwaambia wajumbe waziwazi kwamba ni mpwa wangu, kana kwamba walikuwa hawajui. Niliwaeleza nyumba alizojenga. Hakuna aliyepinga. Kazi akapewa, darasa likajengwa, likaisha kwa wakati, halina ufa hata leo. Ukienda utaliona.

Katika mkutano wa kijiji wa kusoma mapato na matumizi, kila kitu kilikwenda sawa mpaka mama mmoja mjane, mwenye mtoto aliyemaliza chuo cha ufundi na hana kazi, alipoinua mkono. Hakuwa na hasira. Aliuliza, "Mwalimu, na wengine waliulizwa?"

Nilisimama kujibu. Nilianza kueleza ubora wa darasa, muda uliokuwa mfupi, uzoefu wa fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Nilitaka kujua tu kama waliulizwa." Akakaa.

Hawakuulizwa. Kijana wake hakuulizwa. Huenda ni fundi kuliko mpwa wangu. Sitajua, na yeye hatajua, na darasa zuri lililosimama pale halina neno la kumwambia. Usiku ule nilijichunguza kama mtu anayetafuta kibanzi mguuni. Je, nilimtaja mpwa wangu kwa sababu ya ustadi wake au kwa sababu dada yangu angenuna? Nikaona siwezi kutenganisha. Ustadi wake niliujua kwa sababu ni wangu. Kama angekuwa mtoto wa yule mjane nisingejua kama anamwagilia zege au hamwagilii, wala nisingejisumbua kujua. Ule ujuzi nilioulilia kwa miaka, ujuzi wa fundi mzee na maji yake, huja kwa njia ile ile unayopita undugu, na huwezi kuufungulia mmoja mlango bila mwenzake kuingia.

Ndipo nilipoanza kuiheshimu bahasha kwa namna nyingine. Zamani nilidhani imetungwa ili kuwazuia wezi. Mwizi hazuiwi na bahasha. Anajua kuifungua kwa mvuke wa birika na kuifunga tena, na siku hizi, tangu zabuni zihamishiwe kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023, naamini atatafuta mvuke wa kompyuta. Anayezuiwa hasa ni mtu kama mimi, asiyeiba, mwenye nia njema na mpwa. Na anayelindwa ni yule mjane, si kwa kumhakikishia kwamba mwanawe atapata, bali kwa kumhakikishia kwamba aliulizwa. Hilo ni jambo ambalo ubora wa kazi hauwezi kulilipa. Darasa likiwa zuri namna gani, asiyeulizwa hakuulizwa.

Je, nimfute basi fundi mzee? Siwezi. Alifariki miaka kadhaa iliyopita, na matangi yake bado yanashika maji. Nikipita karibu na moja huwa napiga ukuta kwa kiganja kusikia kama limejaa. Yeye aliulizwa, akajibu vizuri kuliko wote, na jibu lake likachekwa. Mjane yule hakuulizwa. Nikiwaweka wawili hao upande kwa upande naona makosa mawili ambayo watu huyadhania kuwa kinyume, hata wanaposahihisha moja hutumbukia katika lingine, kama nilivyofanya mimi. Kwa kweli katika yote mawili ni mimi niliyekuwa nikikwepa kazi. Mara ya kwanza niliiachia tarakimu inifanyie, mara ya pili damu. Kuuliza watu wote, kisha kusoma majibu yao kwa macho ya mtu anayejua bei ya ndoo, kunachosha na kunaleta lawama pande zote mbili. Sijaona njia ya kuipunguza kazi hiyo.

Mwaka jana wazazi walichanga fedha zao wenyewe, baada ya msimu wa korosho, kujenga choo cha walimu. Fedha ni kidogo, kazi ni ya kijiji. Mwenyekiti akaniita nisaidie kutafuta fundi. Nikamwambia wabandike karatasi kwenye mlango wa ofisi ya kijiji na mwingine msikitini na kanisani, kwamba yeyote alete bei yake kwa maandishi, na kwamba bei isiyotaja maji ya kumwagilia itarudishwa kwa mwenyewe akaiandike upya. Walileta watu wanne. Mmoja alikuwa mpwa wangu, mwingine kijana wa mjane.

Siku ya kufungua nikawaomba radhi, nikatoka nje nikakaa kwenye gogo chini ya mkorosho. Ilinichukua nguvu kukaa pale kuliko nilivyotazamia. Nilisikia wakibishana juu ya idadi ya mapipa, mtu mmoja akisema kumi na mbili hayatoshi kwa shimo la kina kile, mwingine akimwuliza ameyapataje hayo kumi na mbili. Kwa dakika hizo nilitamani sana kuingia, maana jibu nilikuwa nalo. Walikaa mpaka adhuhuri.

Kazi alipewa kijana wa mjane, kwa bei ambayo haikuwa ya chini kuliko zote. Jengo limefika kwenye lenta sasa. Kama ni zuri au baya bado sijui. Mpwa wangu hajaja kunisalimu tangu Idi.